Je, Wajua? Yaliyomo Ndani ya Kitambi

Je, wajua kwamba bodaboda ilizaliwa mpakani Busia, miaka ya 1960, ikiwa baiskeli? Mwenye nayo alimpakia abiria na kukanyaga pedali kutoka kituo cha Uganda hadi cha Kenya. Leo kijana wa huko huketi juu ya pikipiki tangu alfajiri. Anakula vilevile, ila miguu imepumzika. Abiria wake naye, ambaye zamani angetembea hadi sokoni, ameketi pia, na vitambi vinaota.

Shahamu ya tumbo ni ya aina mbili. Unayoweza kuibana kwa vidole iko chini ya ngozi. Ya kuogopwa zaidi imejificha ndani, imezingira utumbo na ini. Hiyo humwaga mafuta yake kwenye damu iendayo moja kwa moja kwenye ini. Ini likielemewa hutoa sukari kupita kiasi, insulini haisikilizwi tena, na kongosho hulazimika kutengeneza nyingine zaidi mpaka lichoke. Hapo kisukari kimeingia, mara nyingi kikiandamana na presha.

Mwaka 2004, watafiti wa Marekani waliwanyonya wanawake 15 wanene, kila mmoja takriban kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo. Wiki kadhaa baadaye, utendaji wa insulini yao haukuwa umeboreka. Adui, ile shahamu ya ndani, alikuwa hajaguswa.

Hata mwembamba wa mikono na miguu anaweza kuwa na shahamu ya ndani.

Je, wajua kwamba daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, akahamia Uganda, na kwa miaka mingi akaona kisukari na presha kwa Waafrika wachache mno? Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki juu ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmoja tu, na alistahili makala nzima! Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, na wengi wao hawakujua.

Mbona basi kitambi bado kinapewa hongera? Mwaka 1985 jarida la Lancet lilieleza ugonjwa mpya wa Uganda ambao wananchi waliuita “Slim”, kwa jinsi ulivyokondesha watu. Ulikuwa UKIMWI. Simlaumu mtu aliyezika ndugu zake wakiwa mifupa mitupu akifurahia kumwona mwanawe ana tumbo. Lakini furaha hiyo isimzuie kumpeleka akapimwe sukari.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Kata kamba yenye urefu wako, utosini hadi kisiginoni. Ikunje katikati iwe nusu, toa pumzi bila kujikaza, izungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya kimo chako. Nenda kituo cha afya. Mwenye tepu ya fundi cherehani akumbuke mipaka ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2005: sentimita 94 kwa wanaume, 80 kwa wanawake.

Mazoezi ya kuinuka na kulala chali hukaza misuli tu, hayachagui mafuta ya tumbo. Kutembea kwa kasi kila siku hupunguza shahamu ya ndani, hata pale mizani inapoonyesha kilo zilezile.