Haraka Kuliko Kufumba na Kufumbua

Mswahili akitaka kutaja muda mfupi kabisa husema kufumba na kufumbua. Kwa wachunguzi wa ubongo, huo ni muda mrefu kupindukia. Mwaka 1998, huko Marekani, Paul Whalen na wenzake waliwaonyesha watu nyuso zenye hofu kwa milisekunde 33 tu, yaani 33 kwa elfu ya sekunde, na papo hapo wakazifunika kwa nyuso kavu zisizoonyesha lolote. Kati ya watu 10, wanane walisema hawakuona uso wa hofu hata mmoja.

Amigdala zao ziliuona. Sehemu hiyo ndogo ya ubongo, yenye umbo la lozi, ilichangamka ndani ya mashine ya MRI wakati mwenyewe hana habari. Mwaka 2004 Whalen akaondoa hata uso, akabakiza macho matupu: weupe wa macho yaliyotumbuliwa kwa woga ulitosha kuigutusha.

Je, amigdala ya mwanamke hugutuka zaidi? Swali hili lina wapenzi wengi, maana kila mmoja keshapata jibu lake nyumbani. Mwaka 2012 Jennifer Stevens na Stephan Hamann walijumlisha tafiti nyingi za picha za hisia. Amigdala ya kushoto iliitikia zaidi picha za kutisha au kuhuzunisha kwa wanawake, na zaidi picha za kupendeza kwa wanaume. Lakini huo ni wastani, na wastani haumtambui mtu. Lise Eliot na wenzake walipopitia miongo mitatu ya tafiti, mwaka 2021, waliona kuwa ukishaondoa tofauti ya ukubwa wa ubongo, ambayo ni kama 11%, jinsia hueleza takriban 1% tu ya tofauti za muundo wake. Tofauti nyingi za utendaji nazo zilipotea utafiti uliporudiwa.

Zinapoteaje? Muulize samaki. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimlaza salmoni ndani ya MRI, wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza watu hao wanahisi nini. Salmoni mwenyewe alikuwa mfu, wa kununuliwa. Hata hivyo vidoa kadhaa vya ubongo wake “viliwaka”. Mashine huikata picha ya ubongo vipande maelfu. Ukipima kila kimoja bila kurekebisha hesabu, vichache vitatoa ishara kwa bahati tu. Wagawe watu kwa jinsia, uanze kupima upya, na bahati hiyo inapata uwanja mpana zaidi.

Mwaka 2012 samaki yule aliwapatia Bennett na wenzake tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza, kisha ukafikirisha.