BANGI NA KITALU CHA UBONGO



Tukitembelea vikundi tunaulizwa swali hili kila mara: je, bangi huharibu ubongo kweli, au ni vitisho vya wazee tu? Tena kuna vijana wanaodai ati inaongeza akili. Tusiwajibu kwa ukali, tuwajibu kwa ujuzi.

Seli nyingi za neva tunazaliwa nazo. Lakini ndani ya ubongo kuna sehemu ya kumbukumbu na kujifunza, iitwayo hipokampasi. Hiyo ni kama kitalu cha miche. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wameona kwamba katika panya seli mpya huendelea kuzaliwa hapo hata ukubwani. Mwaka 1998 dalili kama hizo ziliripotiwa kwa binadamu, ingawa wataalamu wangali wanabishana juu ya wingi wake kwa mtu mzima.

Nani humwagilia kitalu hiki? Kumbe mwili wenyewe hutengeneza kemikali inayofanana kazi na ile ya bangi. Iligunduliwa Israeli mwaka 1992, ikaitwa anandamidi. Hiyo hufanya kazi kama ufunguo, na kufuli lake liko juu ya seli za neva. Panya waliozalishwa bila kufuli hilo walionekana kupata seli mpya chache. Basi ujumbe huu una kazi yake.

Kemikali ya bangi inayolevya huitwa THC. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga mwaka 1964. Nayo huingia katika kufuli lile lile. Tofauti ni hii: mwili hutoa ufunguo wake kidogo kidogo, panapohitajika, kisha huuondoa upesi. THC huenea ubongo mzima na kujificha katika mafuta ya mwili siku nyingi. Mche unataka maji, ndiyo, lakini ukiumwagia debe zima kila siku, mizizi itaoza.

Na wale wa "kuongeza akili"? Mwaka 2005, huko Kanada, panya wakubwa waliopewa dawa ya maabara ya aina hii walipata seli mpya zaidi. Lakini ile haikuwa bangi ya kuvuta, wala wale hawakuwa vijana wetu.

Wa kuangaliwa zaidi ni wawili. Kwanza mtoto aliye tumboni: ujumbe huu ndio husaidia neva zake kujua njia ya kuungana, na THC humfikia kupitia kondo, na baadaye katika maziwa ya mama. Pili ni kijana, kwa maana ubongo hukomaa hadi karibu miaka 25. Wanaoanza mapema na kuvuta mara kwa mara wana hatari kubwa zaidi ya kupoteza kumbukumbu na ya kuchanganyikiwa akili.

Kikundi chenu kifanye nini?

1. Zungumzeni jambo hili mkutanoni, vijana wakiwemo.
2. Mama mjamzito anayetumia asiaibishwe. Asindikizwe kliniki.
3. Kijana anayesikia sauti zisizokuwepo asifungwe kamba wala kufichwa. Apelekwe hospitali mapema.
4. Mpeni kijana kazi ya kikundi na sehemu ya mapato.

Sheria ya mwaka 1994 inakataza bangi, hilo twalijua. Lakini askari hawezi kulinda kitalu kilicho kichwani mwa mtoto wako. Hiyo ni kazi yetu sote.