Hatua sita zikawa tatu

Ukienda duka la dawa kwa ajili ya mgongo, huenda ukatoka na ibuprofeni, ambayo wengi bado huiita Brufen hata pakiti ikiwa na jina jingine. Stewart Adams na John Nicholson wa kampuni ya Boots, mjini Nottingham, Uingereza, waliiombea hataza mwaka 1961. Adams aliwahi kuamka na kichwa kinachogonga kwa pombe ya jana yake, akameza miligramu 600, akapata nafuu. Kisa hicho husimuliwa sana. Habari za taka husimuliwa kidogo.

Boots walitengeneza dawa hiyo kwa hatua sita. Hata kila hatua ikienda bila kasoro, ni 40% tu ya uzito wa malighafi inayoishia kwenye dawa. Hatua ya kwanza ilitumia kloridi ya alumini. Kwa jina ni kichocheo, lakini hung'ang'ania kile ilichosaidia kukitengeneza. Sharti imwagiwe maji ndipo iachie, na ikishalowa haifai tena. Kila mkupuo ulihitaji shehena mpya.

Kichocheo cha kweli ni kama mshenga: ndoa ikifungwa, yeye huyo, nyumba nyingine.

Hataza ilipokwisha miaka ya 1980, kampuni ya BHC iliipanga upya kazi nzima kwa hatua tatu, na mwaka 1992 kiwanda kikafunguliwa Bishop, Texas. Haidrojeni floraidi hufanya kazi ya kichocheo na kiyeyushi kwa pamoja, kisha hukusanywa karibu yote na kurudishwa mtamboni. Baada yake nikeli husaidia kupachika haidrojeni, na paladi huingiza monoksidi ya kaboni. Metali hizo nazo huokolewa. Sasa 77% ya uzito huingia kwenye dawa. Ukihesabu na asidi ya siki inayopatikana pembeni, ni kama 99%.

Mwaka 1997 Marekani iliipa njia hiyo tuzo ya kemia ya kijani. Ilistahili, ingawa neno "kijani" nalipokea kwa tahadhari: haidrojeni floraidi hula kioo, na ikimwagikia ngozi hupenya hadi mfupani. Kilichopungua ni taka, si hatari.

Viwanda vyetu vya dawa Afrika Mashariki hununua viambato kwa sehemu kubwa kutoka India na China. Anayepanga kuvitengeneza hapa nyumbani, kabla ya kuuliza bei ya malighafi, aulize kichocheo kitarudi mara ngapi.