Kamera Lindoni: Majani ya Vermont Mwaka Hadi Mwaka

Askari anayepokea lindo huanza kwa kusoma kitabu cha matukio. Asipokuta humo yale aliyoyaona mwenzake aliyemtangulia, hawezi kutambua kilichobadilika. Kanuni hiyo sisi tulijifunza kwa kuchelewa, tena katika kazi ambayo wengi huiona kuwa ni starehe tupu: kupiga picha za mashamba ya nchi za baridi wakati majani ya miti yanapobadilika rangi.

Tulikuwa masomoni katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki ya Marekani. Huko mwaka una majira manne, na yale yanayotangulia baridi kali ni majira ya kupukutika kwa majani. Vitabu vingine huyaita vuli, lakini ndugu msomaji asiyachanganye na vuli ya pwani yetu, ambayo ni mvua za mwisho wa mwaka. Kuanzia mwisho wa Septemba huko milimani, hadi katikati ya Oktoba mabondeni, misitu ya kijani hugeuka kuwa ya njano, ya rangi ya machungwa na nyekundu. Mti unaoongoza gwaride hilo ni mepoli wa sukari, ambao utomvu wake hupikwa hata ukawa shira. Jani la jamii ya mti huo askari wetu wanalifahamu, kwani ndilo lililo katikati ya bendera ya Kanada tangu mwaka 1965.

Yafaa tueleze sababu ya mabadiliko hayo. Siku zinapofupika na usiku kuwa wa baridi, jani huacha kutengeneza klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayolisha mti kwa nguvu za jua. Kijani kikitoweka, hujitokeza njano iliyokuwamo tangu mwanzo ikiwa imefunikwa. Wekundu, kwa upande wake, hutengenezwa wakati huo huo wa mwisho kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hustawi zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kugandisha maji. Kisha kikonyo hujitenga na tawi, na jani likaanguka. Kwa hiyo rangi za mwaka huu si lazima zifanane na za mwaka jana.

Mwaka 2016 tuliomba ruhusa kwa mzee mmoja mwenye shamba, tukapigilia kigingi kando ya ukuta wake wa mawe. Mbele yetu palikuwa na ghala la mbao, mepoli mmoja mkubwa, na kilima nyuma yake. Tulipiga picha tarehe 6 Oktoba, saa mbili asubuhi, na kilima kizima kilikuwa kama kinachowaka moto. Mwaka 2017 tulisimama penye kigingi kile kile, tarehe ile ile, saa ile ile. Mwisho wa Septemba ya mwaka huo ulikuwa na joto lisilo la kawaida, na sehemu kubwa ya kilima ilikuwa bado kijani. Tulisikitika, tukadhani tumepoteza safari bure. Kumbe picha hiyo isiyovutia ndiyo iliyoipa maana ile ya kwanza.

Mwaka 2018 hatukwenda. Tulikuwa na mitihani, na tulijiambia kwamba kilima hakihami. Tuliporudi mwaka 2019, kilima kilikuwapo, ghala lilikuwapo, bali mepoli haukuwapo. Tulimwuliza mzee ulianguka lini. Alijibu kwamba uliangushwa na upepo wa Septemba ya mwaka uliopita. Mkewe akasema la, uliangushwa na theluji iliyofuata. Watu wawili waaminifu, wakaao hapo miaka yote, walitofautiana, na shahidi ambaye angeamua baina yao, yaani picha yetu ya Oktoba 2018, hakuwapo lindoni.

Wapo wasioacha lindo. Katika Harvard Forest, msitu wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioko Petersham, Massachusetts, majani ya miti ile ile yamekuwa yakikaguliwa na kuandikwa tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Tangu mwaka 2008, kamera iliyofungwa juu ya mnara imekuwa ikipiga picha za msitu huo mchana kutwa. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zinazowawezesha wataalamu kupima jinsi joto linavyosogeza majira. Picha moja peke yake, hata iwe nzuri namna gani, haiiwezi kazi hiyo.

Anayetaka kuanza na aweke alama ya kudumu, kisha aandike kipimo cha dira, kimo cha kamera, lenzi, tarehe na saa. Kamera za kisasa hurekebisha rangi zenyewe, zikaweza kupotosha wekundu wa mwaka mmoja; basi na aufunge mpangilio wake kwenye mwanga wa jua. Tena awaheshimu wenyeji. Mwaka 2023 mji mdogo wa Pomfret, huko huko Vermont, ulilazimika kufunga barabara kwa wageni katika msimu wa majani, kwa sababu wapiga picha walikuwa wakiziba njia na kuingia katika mali za watu.

Afrika ya Mashariki na ya Kati haina mepoli. Lakini ndugu askari aliyepiga doria katika misitu ya miombo mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, ameona vilima vyekundu kwa majani machanga. Kule wekundu ni wa jani linalokufa, huku ni wa jani linalozaliwa. Achague mti mmoja, mahali panaporuhusiwa, apigilie kigingi, na kila mwaka arudi.

Sisi tunazo picha tatu ukutani. Kati ya ile ya pili na ya tatu tumeacha nafasi ya picha moja, nayo haitajazwa.