Jiwe lililosukwa kama ukili

Picha ya msalaba mkubwa wa Nevern ikiandikiwa "jiwe la kaburi", naumia. Umezungukwa na makaburi, ndiyo, lakini mengi unayoyaona pale yalikuja karne nyingi baadaye. Uko Pembrokeshire, magharibi mwa Wales, nje ya kanisa la Mtakatifu Brynach. Una urefu wa mita 4 hivi, na ulichongwa karne ya 10 au mwanzoni mwa ya 11.

Aliyewahi kusuka ukili atazielewa nakshi zake upesi kuliko msomi asiyewahi kushika miyaa. Utepe unapita juu ya mwenzake, kisha chini, juu, chini, wala haukosei zamu. Ila katika ukili tepe hukimbia tu kwa mshazari, na hapa zimejikunja zikawa mafundo. Zilijikunjaje? J. Romilly Allen alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1904 kuhusu sanaa ya Wakelti. Chora msuko wa kawaida. Pale tepe mbili zinapopishana, zikate, kisha unga ncha kwa namna nyingine, kila moja na jirani yake badala ya ile ya ng'ambo. Utepe hauvuki tena. Unageuka na kurudi upande ulikotoka. Rudia mkato huo kwa mpangilio, fundo jipya linazaliwa. Kwa hiyo kazi nzima iko katika kuchagua pa kukata, na huchaguliwa kabla patasi haijagusa jiwe, maana jiwe halifumuliki. Nalo la Nevern ni doleraiti, gumu kwelikweli!

Kichwa chenye duara ni jiwe la pili, lililokalishwa juu ya nguzo kwa ulimi na tundu, kama seremala aungavyo mguu wa kiti.

Misalaba ya karne za baadaye haikubahatika kubaki mizima hivyo. Mwaka 1643 Bunge la Uingereza lilipoamuru misalaba ya viwanja vya makanisa ibomolewe, mingi ilibaki ngazi na kisiki. Ila msalaba wa St Donats, nao huko Wales, ungali na kichwa chake. Visiki navyo ni urithi. Anayevisugua kwa brashi ya waya ili ving'ae anakwangua kilichosalia cha nakshi. Misalaba ya kale ya Penmon, nayo ya Wales, imeingizwa kanisani, mvua haiifikii, na mimi naunga mkono.

Misalaba ya namna hii ilitumika kwa sala, mahubiri, kumbukumbu za wafalme, mipaka. Wa Nevern una hata ndege wake: husimuliwa kwamba kekeo wa kwanza wa mwaka hulia akiwa juu yake, tarehe 7 Aprili, sikukuu ya Brynach.