Filamu ya jitu yafunza watoto kukabili maradhi ya mzazi

MZAZI anapolemewa na maradhi, mtoto ndiye huwa wa mwisho kuambiwa ukweli.

Eneo la Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, si tofauti. Mama anapotoka Wang'uru au Kimbimbi kwenda kutibiwa saratani Nairobi, huenda watoto wakaachiwa nyanya na kuambiwa kwamba amesafiri. Nia huwa njema. Hata hivyo, mtoto husoma nyuso za watu wazima, na pengo la maneno hulijaza kwa hofu zake mwenyewe.

Suala hilo ndilo kiini cha A Monster Calls, filamu ya mwaka 2016 iliyoelekezwa na Mhispania J. A. Bayona. Inatokana na riwaya ya Patrick Ness iliyochapishwa 2011. Wazo la riwaya hiyo lilikuwa la mwandishi Siobhan Dowd, aliyefariki kutokana na saratani ya matiti mwaka 2007 kabla ya kuikamilisha.

Mhusika mkuu ni Conor, mvulana wa Uingereza ambaye mamaye ni mgonjwa mahututi. Usiku, saa sita na dakika saba, mti mkongwe wa uwanja wa kanisa hugeuka jitu na kumjia. Humsimulia hadithi tatu, kisha humtaka asimulie ya nne, yaani ukweli anaouficha.

Ukweli huo ni mchungu. Conor amechoka kungoja, na sehemu ya moyo wake inatamani mateso yaishe, ingawa kuisha huko ni kumpoteza mama. Kwa hivyo anajiona mwenye hatia. Jitu linamfunza kwamba kuwaza si kutenda, na kwamba moyo mmoja waweza kubeba mawazo mawili yanayopingana.

Kwa jamii za Mlima Kenya, mti wenye siri si jambo geni. Wakikuyu waliuheshimu mugumo na kufanyia ibada chini yake. Masimulizi husema Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa mugumo wa Thika ungeanguka utawala wa wakoloni ukiisha, nao ulianguka 1963.

Kenya nayo ina Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2018. Humo mgonjwa ni mtoto mwenyewe, Jo, msichana wa miaka tisa apendaye filamu za mashujaa. Mamaye anamrudisha nyumbani aishi siku zake za mwisho, naye dadaye anashawishi kijiji kizima kumsaidia ajione shujaa.

Je, huko si kudanganya? La. Uongo humwacha mtoto peke yake na hofu. Hadithi humpa umbo la kuitazama hofu hiyo, pamoja na watu wa kuitazama nao. Ndiyo maana jitu halimwahidi Conor kwamba mama atapona, bali linasimama naye hadi mwisho.

Huduma za kuwatunza wagonjwa wasio na tumaini la kupona, kama zile za Nairobi Hospice iliyoanzishwa mwaka 1990, huhusisha pia ushauri kwa familia. Mtoto ni sehemu ya familia hiyo. Anastahili maneno machache ya kweli yanayolingana na umri wake, na nafasi ya kuuliza.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.