Pale "-ka-" Inaposimama

Basi letu lilisimama mizani ya Vigwaza asubuhi, foleni ndefu ya malori ikiwa mbele yetu. Tangu tulipotoka Dar es Salaam mama aliyekaa ubavuni mwangu hakuwa ametoa neno. Alikuwa amejifunika khanga hadi kichwani, amelala au anajifanya amelala. Dereva alipozima injini tu, akaifunua khanga, akatazama nje kitambo, kisha akasema bila kunigeukia: "Mwanangu, ningejua nisingetoka nyumbani." Nikamwambia pole, mama. Hakueleza zaidi, nami sikumchimba. Basi likaondoka, akajifunika tena hadi Morogoro.

Nimekuwa nikimkumbuka mama yule kila ninaposahihisha majibu ya swali la safari katika fasihi. Wanafunzi wangu huigawa karatasi mapande mawili. Huku safari ya kimwili: mhusika katoka kijijini kaenda mjini, kapanda meli, kavuka mto. Huku safari ya ndani: mhusika "amebadilika". Alama wanapata. Ila ukimuuliza mmoja wao, haya, amebadilika wapi, ukurasa gani, sentensi ipi, kalamu huwekwa chini. Na swali hilo ndilo lenye utamu, kwa sababu safari ya ndani haina tiketi wala vumbi. Mwandishi anatuonyeshaje kwamba mtu ambaye hajainuka kitini amekwenda mbali?

Jibu moja limo katika sarufi yetu wenyewe, katika silabi ndogo tunayoitumia kutwa bila kuiona: "-ka-". Akaamka, akanawa, akafunga mlango, akashika njia. Vitendo vinne, hakuna "na", hakuna "halafu", na msikilizaji hapotei hata hatua moja. Kila "-ka-" ni unyayo mbele ya unyayo. Ndiyo maana bibi akisimulia hadithi usiku huweza kumtoa sungura mwituni hadi mbele ya mfalme kwa pumzi moja. Silabi hii imezaliwa kwa ajili ya kutembea. Basi unaposoma kitabu cha safari, angalia inapokoma. Aghalabu pale simulizi linapoacha kwenda, likageuka swali, au amri, au mtu kujisemesha, ndipo safari ya pili inapoanzia.

Tuanze na mahali ambapo haikomi. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili Berlin, alitoa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Humo wamo watu wa pwani waliosimulia wenyewe safari zao za bara, na yumo Selim bin Abakari, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Hebu fikiri: mtu wa Afrika Mashariki katika baridi ya Siberia, mwisho wa karne ya 19, na anayaandika kwa Kiswahili! Nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa na njaa ya kujua moyo wake ulikuwaje. Sikushibishwa. Wasimulizi wa kitabu kile ni watu wa macho makali: wanakwambia mji, chakula, mavazi, bei, nani kawapokea na nani kawadhulumu, wakaondoka, wakalala, wakafika. Kuhusu nafsi zao wananyamaza, kama watu waliofundwa kwamba hadhira si mahali pa kufungua kifua. Na tusisahau nani alikuwa akiwasikiliza. Hadhira yao ya kwanza ilikuwa afisa wa lugha wa dola lililokuwa likiitawala nchi yao. Mbele ya msikilizaji wa namna hiyo hata mimi ningehesabu mito na vilima, nikaishia hapo.

Mmoja wa wasimulizi hao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeeleza safari zake za Udoe na Uzigua. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1904 akamwoa Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ikakataa mume na mke hao washuke, meli ikawarudisha Ulaya, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Msafiri huyu, aliyejua kueleza kila kituo cha njia ya Uzigua, alikaa melini na pwani ya kwao mbele ya macho yake. Kama kuna sura moja ninayoililia katika nathari ya Kiswahili, ni hiyo ambayo hatunayo.

Wala si kwamba Waswahili hawakuwa na lugha ya safari ya ndani. Walikuwa nayo zamani sana, ila waliihifadhi katika ushairi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Al-Inkishafi, anasafiri mwendo wa hatua chache tu: anaingia katika majumba yaliyobomoka ya matajiri wa Pate. Madaka ukutani, yaliyopangwa sahani za kauri enzi za neema, sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Popo wananing'inia pale zilipowaka taa. Angetaka angetusimulia nani alijenga, nani akarithi, vita gani vikaja, na "-ka-" ingekimbia. Badala yake anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuusemesha kama mtu anavyomsemesha ndugu mkaidi. Anauliza, anakemea, anasihi, anauliza tena: wako wapi? Ukiuondoa moyo ule katika utenzi, utabaki na orodha ya vifusi. Mabaharia wana methali isemayo mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni kule chini yanakokusanyika maji ya kufua. Zunguka utakavyo sitahani, utateremka tu kule chini. Mshairi wa Pate aliteremka bila kuzunguka.

Shaaban Robert alicheza karata nyingine. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kuna safari sita: wajumbe sita wametumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wamerudi na mambo ya manufaa kwa nchi yao, na kila mmoja ametupwa gerezani kwa malipo. Siogopi kusema kwamba safari hizo, ukizipima kama visa vya safari, ni nyepesi. Wajumbe wanafanana, nchi wanazofikia zinafanana, na msomaji mwenye haraka huanza kuruka kurasa kwenye safari ya tatu. Lakini tazama anayezisimulia ni nani na amesimama wapi. Ni Karama, yupo kizimbani, ameshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria. Mtu huyu hawezi kwenda popote. Anayesafiri ni anayemsikiliza: baraza la mfalme lililokuja kutaka shingo yake linasogezwa siku baada ya siku, safari baada ya safari, bila mtu kuinuka kitini, mpaka linafika mahali ambapo siku ya kwanza lisingekubali hata kupaelekea. Magereza yanafunguliwa. Hapo "-ka-" za wajumbe zimefanywa kasia, na chombo kinachosukumwa ni dhamiri ya mfalme.

Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) ndicho kitabu ninachokifundisha kwa uangalifu kuliko vyote, maana huwatikisa vijana. Ramani yake ni fupi: Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, anarudi kwao wakati wa likizo. Ndiyo safari ambayo karibu kila msomi wa nchi hii ameipiga, na begi lake, na wazee wakimngoja awaambie alichokipata huko. Kezilahabi anafanya jambo la ujasiri tangu mwanzo kabisa. Anatuanzishia mhusika akiwa amekaa, anasubiri aitwe ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, Manase, ambaye alikuwa rafiki yake wa utotoni. Kusubiri ni kitendo kisicho na "-ka-". Mtu anayesubiri huwaza, huhesabu waliotangulia kuitwa, hujipima na aliyeko nyuma ya mlango. Kabla hata hajafika nyumbani na kukuta kwamba Manase huyo huyo amempa mimba dada yake Rukia, sisi tumekwisha kuingizwa ndani ya kichwa chake, na hatutoki tena mpaka risasi ya mwisho.

Wanafunzi huniuliza: mwalimu, huyu amefika wapi? Huwajibu kwamba neno "kufika" ndilo linalowapotosha. Tumezoea hadithi ambamo kijana akienda mbali hurudi na hazina au busara. Kazimoto ametoka kijijini akaenda kwenye elimu, na alipogeuka kurudi akakuta lugha ya kumrudisha haipo: hawezi kuamini wanachoamini wazee, na alichokisoma hakimpi cha kuweka mahali pake. Kimwili kafika nyumbani, lakini ndani bado yuko njiani, na njia yenyewe imekatika huku na huku.

Miaka 16 baadaye Kezilahabi aliitupa ramani kabisa. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni safari ambazo huwezi kuzichorea mstari. Msimulizi anakwenda, lakini mahali anapopita hapana jina la wilaya, wafu na walio hai wanakaa baraza moja, na wanafikra wakubwa wa dunia wanaonekana kama watu uliokutana nao njiani. Wapo wasomaji waliokasirika, na ninawaelewa. Hata mimi nilikiweka Nagona rafuni mara mbili. Kilichonifungua macho ni jina la hicho cha pili. Mzingile ni njia zilizozungukana, mtu akiingia haoni pa kutokea. Katika mzingile mwendo wa miguu hausaidii, kwa kuwa kadiri unavyokwenda mbio ndivyo unavyorudi haraka pale pale. Kasome hivyo vitabu viwili polepole, ukisimama mahali ambapo msimulizi anashangaa, wala usiulize sana tumefika wapi.

Katama Mkangi alilisema hilo la kurudi pale pale kwa neno moja tu. Riwaya yake ya mwaka 1995 inampeleka Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, hadi nchi ya mbali yenye haki ambayo hakuitarajia. Jina la nchi hiyo ni Walenisi. Litamke taratibu.

Nimalizie na kitabu ambacho chenyewe kimesafiri. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka Uingereza mwaka 1994. Inamhusu Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayechukuliwa na mfanyabiashara Aziz, anayemwita ami, kumbe babake kamweka rehani kwa deni. Yusuf anakwenda bara na msafara, na katikati ya kitabu kuna safari ngumu hadi kwa mtawala anayewanyang'anya mali yao. Wahakiki wameonyesha kwamba Gurnah alichota sehemu ya safari hiyo katika Safari za Wasuaheli, kwenye masimulizi ya Sleman bin Mwenyi Chande, aliyeyapitia mambo ya namna hiyo na kuyaeleza kwa "tukafika, tukalala" zile zile. Gurnah aliweka ndani ya msafara ule kile ambacho Sleman hakumwambia Velten: woga wa mtoto, usiku, sauti za watu wazima wanaojadiliana bei bila kumtazama. Na safari kubwa ya Yusuf haimo msafarani. Imo bustanini kwa Aziz, baada ya kurudi, anapokaa akimwagilia maji na kuanza kuelewa kwamba pale penye kivuli na chemchemi ni mtumwa.

Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alikirudisha kitabu hicho kwa Kiswahili, kikaitwa Peponi. Nilivitaka vyote viwili mezani kwangu, kile cha 1901 na hiki. Jioni moja nilivifungua kwa pamoja, msafara kwa msafara. Kwa Sleman wanatembea tu. Kwa Yusuf nilisimama kila baada ya kurasa chache, na mara moja niliposimama nilimkumbuka mama wa Vigwaza, nikajilaumu kwa kutomuuliza alikuwa anakwenda kwa nani.